Makofi Mawili ya Mvule

Mjomba wangu alimwambia mwenye shamba kwamba mimi ni samaki. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma yake nimeshika daftari, na nilipaswa kusema neno hapo hapo. Sikusema. Kwa mwezi mzima na zaidi nililala na kuamka na neno hilo ambalo sikulisema.

Tulikuwa katika shamba moja la mzungu karibu na Rongai, mimi na mjomba. Yeye alikuwa dereva wa trekta. Mimi nilikuwa nimetoka shule baada ya darasa la sita, nikawekwa stoo kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Niliandika polepole, lakini mwandiko wangu ulisomeka, na mwenye shamba alipenda hivyo kuliko karani aliyenitangulia, ambaye aliandika haraka kama kuku anayeparua.

Mwaka ule mvua ilikuwa kubwa. Mkuyu mmoja mkubwa uling'oka ukaanguka kando ya mto Molo, mwisho wa shamba. Mwenye shamba alikwenda kuutazama, akarudi na wazo. Alikuwa na mgeni anayetarajiwa kutoka Ulaya, shemeji yake, na alitaka mti ule uchongwe mtumbwi ili washuke nao mto, siku tatu au nne, wapite sehemu za chini ambako hakuna shamba wala barabara. Akauliza katika watu wake wote nani anajua mambo ya mtumbwi. Mjomba alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Yeye alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Nyanza, akavua samaki mpaka alipokuwa mtu mzima.

Huko kwenye nyumba za wafanyakazi kila mtu alikuja kutazama mti ukichongwa. Wengi hawakuwahi kuona mtumbwi.

"Hili ni hori," mama mmoja alisema. "Mnachonga hori la kunyweshea ng'ombe, halafu mnatuambia ni motokaa ya maji."

"Wewe mama, ngoja," mjomba alimjibu bila kuinua kichwa. "Siku nikipita hapa nimekaa ndani kama Gavana, usiniombe nikubebe."

"Nikuombe unibebe nifie ndani ya hori? Mimi si ndama."

Mjomba alicheka kuliko wote. Sijawahi kumwona na furaha kama ya siku zile. Trekta aliiendesha kwa sababu ya chakula, lakini mtumbwi ulikuwa kitu alichokijua kabla hajajua kitu kingine.

Ndipo mwenye shamba akauliza nani atakaa mbele. Mjomba angekaa nyuma kuongoza, wazungu wawili wangekaa katikati na mizigo, na mbele alihitajika mtu wa kupiga maji na kusema kuna nini mbele. Mjomba akanishika bega.

"Huyu. Ndiye atakayeandika mto kwenye daftari."

Mwenye shamba alinitazama kutoka juu hadi chini. "Hii toto najua maji?"

"Bwana, hii ni damu ya ziwa," mjomba akasema. "Hii ni samaki."

Ukweli ni kwamba ziwa lile sikuwahi kuliona. Nilizaliwa Njoro, shambani, mama yangu akichuma pareto. Maji niliyoyajua ni ya karai na ya josho la ng'ombe. Hata katika mto Molo sikuwahi kuingia zaidi ya magoti. Lakini mjomba alikuwa amesema vile mbele ya watu, na uso wake ulikuwa unang'aa. Ningemwambiaje?

Kazi ya kuandika mto, yaani kina na hatari za kila kona, niliipenda. Jumapili nne tulitembea ukingoni, kila Jumapili tukianzia tulipoishia ile iliyopita. Mara mbili za mwisho mwenye shamba alitushusha mbali kwa lori tukaenda na kulala huko. Mjomba alishika fito ndefu kuliko yeye mara mbili, akaitumbukiza majini kila penye kona, nami nikaandika. Ninakumbuka baadhi ya maneno ya daftari lile. "Mgunga ulioinama. Maji ya magoti. Pita kulia." "Waya wa jirani umevuka mto. Lala chini." "Poromoko, urefu wa mlango. Shuka, beba mtumbwi." Baada ya mashamba ya mkonge hapakuwa na mtu. Kulikuwa na migunga ya manjano kwenye kingo zote mbili, na tumbili waliotufuata kwa kelele kama watoto wanaofuata arusi, na ndege mmoja, mdiria wa buluu, aliyeruka mbele yetu tawi hadi tawi, kana kwamba ametumwa kutuonyesha njia. Mjomba alisimama mara nyingi bila sababu. Nikimuuliza kama kuna kitu cha kuandika, alisema, "Hapana. Natazama tu."

Lakini kadiri tulivyoshuka, mto ulibadilika. Tulifika mahali ambapo mjomba aliitumbukiza fito yote, akapiga magoti, akaingiza na mkono mpaka bega.

"Andika hapa: fito haikugusa."

Nikaandika. Baada ya kona mbili, tena: fito haikugusa. Jioni moja nilihesabu katika daftari langu, nikakuta nimeyaandika maneno hayo mara tisa. Nilikaa nikiyatazama. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zote zimesimama sawa, lakini kila nilipoyasoma nilihisi miguu yangu inatafuta ardhi.

Mara mbili nilijaribu kumwambia mjomba. Mara ya kwanza nilianza, "Mjomba, mimi..." naye akasema, "Najua, umechoka, tupumzike." Mara ya pili alikuwa ananisimulia jinsi baba yake alivyomtupa majini akiwa na miaka minne na akaogelea kama bata. Baada ya hadithi hiyo sikuweza tena.

Mtumbwi ulipokuwa tayari, mjomba alichonga kitu cha kupigia maji kutoka kwenye mti wa mkalitusi, akaenda kuujaribu mtumbwi kwenye bwawa la shamba. Siku hiyo nilijifanya nina kazi nyingi stoo. Mjomba na wenzake walirudi wakasema mtumbwi uko sawa lakini kile kitu cha mkalitusi kilipasuka katikati. Mwenye shamba akasema, Nakuru kuna fundi wa mbao aliyemtengenezea viti, mtu wa pwani, aandikiwe atengeneze viwili vya mvule. Mjomba hakujua kusoma wala kuandika. Barua zake zote niliziandika mimi na nilizisoma mimi. Kwa hiyo tulikaa juu ya magunia, akasema, nikaandika.

"Mwambie ampe kijana makafi mawili."

Neno hilo sikulijua. Mjomba alilipata Kisumu bandarini, zamani, kwa watu wa pwani waliofanya kazi huko. Mimi shuleni nilisoma kasia, tena katika picha. Nilitaka kumwomba arudie, lakini alikuwa ameshafika mbele, na alichukia kurudia kwa sababu kalamu yangu ilikwenda polepole. Nikafikiri: kile kitu ni bapa kama kiganja, na kinapiga maji. Bila shaka kinaitwa kofi. Niliona ni jina zuri sana. Nikaliandika, nikaendelea.

Siku zile zilikuwa bado za Hali ya Hatari, na kijana hakwenda Nakuru bila karatasi. Mwenye shamba alinipa ruhusa ya siku tatu. Niliiweka mfuko wa kulia na barua ya fundi mfuko wa kushoto, nikapanda lori la mikebe ya krimu asubuhi. Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari alinyoosha mkono, nikampa ya mfuko wa kulia, akaisoma akanirudishia.

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya msikiti, katika ua wenye harufu ya maranda na vitunguu vinavyokaangwa. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyofumwa. Nilimpa barua kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Miwani yangu imevunjika," alisema, "na hizi herufi za kizungu hata na miwani zanichosha. We binti! Njoo umsomee babu."

Akaja mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi, bado ana sare ya shule. Aliinua barua, akasoma kwa sauti ya darasani, akikata kila neno:

"Kwa fundi. Salamu nyingi. Baada ya salamu, tafadhali mpe kijana aliyeleta barua hii makofi mawili."

Alinitazama. Fundi pia alinitazama.

"Endelea," alisema fundi.

"Yawe mazito na yenye nguvu, kwa maana lile la kwanza lilipasuka. Apimwe kwanza, kutoka miguuni mpaka puani. Asirudi bila kuyapata."

Kulikuwa na vijana wawili waliokuwa wakipiga msasa mlango. Mmoja aliweka kichwa chake juu ya mlango ule na mabega yakaanza kumtikisika. Msichana alijaribu kuendelea lakini kicheko kilimtoka puani. Nami nilikuwa bado sijaelewa. Nilisimama pale nikingoja kupimwa.

"Mwanangu," fundi akasema taratibu, "umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu, mzee."

"Mbona wataka upigwe mpaka puani?"

Ndipo nikaona. Niliona neno langu kwa macho ya wengine, na damu yote ikapanda usoni. Nikatazama chini, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Ni ya maji. Ni ya mtumbwi."

"Ya mtumbwi!" Fundi alipiga paja. "Makafi! Lo! Kafi, mwanangu, kafi. A, si o. Na barua hii kaiandika nani?"

"Mimi."

Hapo na yeye alicheka, akacheka mpaka akavua kofia akajifutia macho. Lakini hakunicheka vibaya. Alinivuta, akanikalisha juu ya kigogo, akaamuru niletewe chai. "Una bahati," alisema. "Je, kama askari njiani ungempa karatasi hii? Angetii!"

Tangu hapo vijana wa msasa waliniita Bwana Kofi, na ajabu ni kwamba sikuumia. Ilikuwa kana kwamba aibu kubwa imeshapita na mimi bado nipo, ninakunywa chai ya tangawizi.

Nilikaa pale siku mbili nikingoja lori. Fundi alitoa ubao wa mvule, akanisimamisha kwenye mwimo wa mlango, akaweka alama ya penseli penye pua yangu. Mimi nilipewa msasa. Nilimweleza kuhusu mtumbwi, na yule mama aliyeuita hori la ng'ombe.

"Hajakosea huyo mama," fundi alisema. "Kwetu mtumbwi mdogo waitwa hori vile vile. Nyinyi wa bara mna maneno yetu yote, ila mmeyaweka mahali pengine." Alichonga kidogo. "Basi wewe ndiye utakayekaa mbele?"

"Ndiyo."

"Kuogelea wajua?"

Niliendelea kupiga msasa. Nadhani nilipiga mahali pamoja muda mrefu sana, kwa sababu alinyoosha mkono akauzuia wangu.

"Utatoboa kafi hilo. Nimekuuliza."

"Hapana," nikasema.

Mwezi mzima nilikuwa nimelibeba neno hilo, na sasa nililisema kwa mtu nisiyemjua hata kwa siku mbili. Labda ilikuwa rahisi kwa sababu alikuwa ameshanicheka.

"Na mjomba ajua kwamba hujui?"

"Alimwambia mzungu mimi ni samaki."

Fundi alirudi kwenye kazi yake. Kisha aliuliza, "Mjomba wako asoma?"

"Hapana. Mimi humsomea."

"Aa," akasema, na sikupenda jinsi alivyosema.

Siku ya kuondoka makafi yalikuwa tayari, yamepakwa mafuta, yananata kidogo mkononi na yananukia. Fundi akamwita mjukuu wake na kalamu. Alisema, msichana akaandika, mimi nimesimama hapo hapo nasikia kila neno. Alipofika mahali fulani nikasema, "Mzee, hilo tafadhali usiliandike."

"Kalamu ishapita," alisema. Akaikunja barua bila kuitia katika bahasha, akaniwekea mwenyewe mfuko wa kushoto. "Mimi nilikuwa baharini miaka kumi na minne. Mtu asiyejua kuogelea si aibu. Mabaharia wengi hawajui. Lakini nahodha hafichwi. Nenda."

Juu ya lori, kati ya mikebe mitupu, niliitoa barua mara tatu. Upepo ulikuwa mkali baada ya kuupita mji. Ningefungua vidole tu, ingekwenda zake. Nilifikiri pia kwamba hata nikifika nayo hakuna shida. Barua ni ile ninayoisoma mimi. Mjomba angesikia nitakachotaka asikie.

Nilimkuta chini kwenye banda la trekta, jua bado liko juu, ameupindua mtumbwi na anaupaka mafuta ya ng'ombe. Alipoona makafi alisahau hata kunisalimu. Aliyapima uzito, akayagonga kwa kidole, akapiga maji ambayo hayakuwepo, huku na huku.

"Huyu ni fundi! Wewe sikia inavyolia. Amesema nini? Soma."

Nilifungua barua. Nilisoma salamu. Nilisoma kwamba makafi yamepatikana, ila makofi fundi ameyabakiza dukani mpaka aambiwe kosa. Mjomba hakuelewa, ikabidi nimweleze nilichoandika, na nilidhani atagomba. Badala yake alikaa juu ya mtumbwi akacheka mpaka akakohoa. "Mpaka puani!" alisema. "Na yeye alikupima?"

"Alinipima."

"Haya. Imeisha?"

Hilo ndilo swali. Nilihitaji kusema ndiyo tu, neno dogo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshainuka kurudi kwenye mafuta yake. Chini ya kidole changu ilibaki mistari mitatu, mwandiko wa mtoto, herufi kubwa za mviringo. Niliona kwamba ule wa mjukuu ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Haijaisha," nikasema.

Nikasoma. Nilisoma polepole kama kawaida yangu, na kidole chini ya kila neno. "Kijana huyu hajui kuogelea. Ameona haya kukuambia. Nimempa barua hii akusomee mwenyewe. Akiruka mstari huu, basi lile kofi amejipiga."

Mjomba alisimama na kitambaa cha mafuta mkononi.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hapo mwanzo tu. Hapo kwa hajui."

"Kijana huyu hajui kuogelea."

Alikaa. Alinitazama, kisha akatazama mto, ambao kutoka pale ulionekana kama mstari wa miti tu.

"Mara tisa," alisema. "Nimekuambia andika fito haikugusa, mara tisa. Na wewe ulikuwa unaandika?"

"Ndiyo."

"Na unanyamaza?"

Nilikunja barua.

"Ningemwambia nini dada yangu? Kwamba nimempoteza mtoto lakini daftari nimeliokoa?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. Akatupa kitambaa chini. "Mimi ndiye mjinga. Nilisema samaki bila kuuliza samaki. Kwani Njoro kuna ziwa gani?"

Nilifikiri nitalia, lakini kilichotokea ni kwamba njaa ilinishika. Nilikuwa sijala vizuri kwa wiki nyingi, na ghafla nilitaka ugali, mwingi. Mabega yangu yalikuwa mepesi kama ya mtu aliyetua gunia la mahindi ambaye bado hajazoea kutembea bila hilo gunia.

Asubuhi yake mjomba alikwenda nami kwa mwenye shamba. Njiani aliniambia, "Utasema wewe. Mimi nitasimama tu." Nikasema, kwa maneno manne. Mzungu alikunja uso, akamgeukia mjomba. "Wewe nasema hii samaki."

"Ni samaki, bwana," mjomba akasema. "Lakini ni ya kutembea."

Mzungu alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha masharubu yake yakatikisika. Wakapanga upya. Mgeni wake angekaa mbele na kafi langu, jambo ambalo, tulikuja kujua, mgeni huyo alikuwa amelitamani tangu mwanzo. Mimi ningetembea ukingoni na punda wa mizigo na daftari langu, nitangulie mtumbwi, na kila penye hatari niwaite.

Walianza safari siku ya pili baada ya mgeni kufika. Wafanyakazi wote walikuja kutazama, na yule mama wa hori alisimama mbele kabisa. Mgeni alikuwa mrefu sana. Kafi lilimfika kifuani. Mjomba alikaa nyuma, mgongo umenyooka, kama Gavana kweli, akampungia yule mama mkono. Kabla hawajasukuma mtumbwi, nilitangulia na punda mpaka kona ya kwanza yenye hatari. Nilisimama juu ya jiwe, viatu vikavu, kamba ya punda imefungwa kiunoni, daftari limefunguliwa ukurasa wa kwanza.

Mtumbwi ulikata kona. Ulikuja kwa kasi kuliko nilivyodhani, na sauti ya maji yanayoanguka ilikuwa nyuma yangu hapo hapo. Katika maisha yangu sikuwahi kupaza sauti mbele ya watu, hata shuleni nilipojua jibu. Nilijaza kifua.

"Poromoko!" nilipiga kelele. "Urefu wa mlango! Shukeni!"

Mjomba aliinua kafi juu, kuonyesha kwamba amesikia.